Makabati ya Kombi ya zamani: rangi isikudanganye

Mkuu, umesema fundi ameyatazama makabati ya Kombi, gari la Volkswagen la kulala, uliyoachiwa na baba mkubwa, akakuambia ni mninga, nawe unataka kuagiza mninga uzibe palipooza. Subiri kwanza. Mimi ni seremala hapa Isevya, Tabora, na kwa gari lililofungwa makabati Ulaya, mninga ni jibu la mwisho kulifikiria. Namwelewa fundi wako. Huku kwetu tumezaliwa kwenye vitanda vya mninga, kwa hiyo mbao yoyote yenye wekundu tunaipa jina hilo.

Mwaka 2016 nililetewa Kombi ya namna hiyo, mlango wa kabati la sinki umeoza chini. Nikapasua mninga mwembamba, nikabandika, nikapiga vanishi. Ndani ya karakana ulifanana kabisa. Tulipolisukuma gari juani, mlango wangu ukaonekana mgeni. Ile ya zamani ilikuwa na mistari kama utepe: ukisimama kushoto mstari mmoja unang'aa na jirani yake una giza, ukihamia kulia vinabadilishana. Wangu ulikuwa na michirizi ya giza iliyotulia palepale, popote usimamapo. Mwenye gari alinyamaza, lakini iliniuma, nikamrudishia nusu ya hela.

Mistari ile inayobadilishana ilikuwa ya sapele. Nyuzi zake hulala tabaka moja huku, jingine kule, ndiyo maana mwanga unazichezea. Ni mti wa Afrika Magharibi na Kati, na Ulaya imetumika sana mahali pa mahogani. Michirizi ya mninga ni rangi iliyomo kwenye mbao yenyewe, haihami.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Kombi nyingi za kulala zilitoka Volkswagen bila makabati. Waliofunga ni wengine, kama Westfalia wa Ujerumani au Dormobile wa Folkestone, Uingereza. Kwa hiyo Kombi mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na mbao tofauti kabisa. Tafuta kibati cha aliyefunga kabla ya kulinganisha na picha za mtandaoni.

Sasa fanya hivi. Hakikisha kwanza ni mbao kweli. Ukiona kifundo kilekile kinajirudia umbali uleule, na kucha haikwami kwenye kitundu chochote, hiyo ni fomaika, karatasi ngumu ya plastiki yenye picha ya mbao. Kama ni mbao, fungua bawaba moja. Chini yake jua halijafika, hapo ndipo penye rangi ya kweli. Chukua wembe mpya, kwangua vanishi eneo la ukucha wa kidole kidogo, lowesha kwa spiriti, kisha tazama kwa lenzi ya kukuzia mara 10. Mwaloni utakuonyesha mifereji mikubwa ya vitundu, na mara nyingi madoa yanayong'aa yaliyokatiza nyuzi. Mtiki una mafuta kidoleni na harufu kama ya ngozi. Sapele ina vitundu vidogo zaidi, na ukiikata upya inanukia kama mwerezi.

Na kama fundi bado anabisha, chukua maranda ya mbao hiyo na maranda ya mninga halisi, loweka kila aina kwenye glasi yake ya maji safi, kisha ingia gizani na taa ile ya kukagulia noti bandia. Maji ya mninga yatatoa mng'ao wa buluu.

Tafadhali usiguse msasa wa mashine. Ule utando wa juu, yaani mbao nyembamba iliyobandikwa juu ya plaiwudi, mara nyingi haufiki hata milimita 1, ukipita mara mbili tu unakutana na plaiwudi. Kiraka nacho usiagize popote: kitoe ndani ya gari hilohilo, ubavu wa kabati unaotazama bodi au ubao wa chini ya kitanda, mradi nao una utando uleule. Mahali ulipokitoa ndipo uweke mninga, maana hapaonekani.