Kunukuliwa sana si cheti cha ubora
Ndugu, umeuliza kama fahirisi ya h ya 40 inatosha kumtambulisha bingwa wa saikolojia ya afya. Namba hiyo, ambayo kipimo chake kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, inasema tu kwamba mtafiti ana makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 40, wala haisemi kama zilinukuliwa kwa kusifiwa au kwa kukosolewa. Chukua mfano: Hans Eysenck wa London, aliyefariki mwaka 1997 akiwa miongoni mwa wanasaikolojia walionukuliwa zaidi duniani, aliandika pamoja na Ronald Grossarth-Maticek makala zilizodai kwamba hulka ya mtu huchangia mno kupata saratani na maradhi ya moyo; mwaka 2019 uchunguzi wa chuo kikuu cha King's College London ukaona kuwa makala zao 26 si za kutegemewa, na kadhaa zikafutwa na majarida mwaka uliofuata. Mimi ningesoma kwanza makala tano za huyo unayemuulizia zinazonukuliwa zaidi, nitazame jina lake limekaa wapi kati ya waandishi ili nikisie mchango wake, na nikumbuke kuwa Google Scholar, injini ya kutafutia maandiko ya kitaaluma inayookota hata tasnifu, kwa kawaida humpa mtu namba kubwa kuliko Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma.