Mdogo wangu kaitwa programu ya onazi chuoni Marekani, akubali?

SWALI: Habari za kazi dada, safu yako huwa hainipiti. Mdogo wangu kapata chuo Marekani, sasa wamemwandikia kwamba anaweza kujiunga na programu ya onazi (honors), ile ya wanafunzi wanaofanya vizuri zaidi. Yeye anaogopa, anasema kozi zake ngumu mno GPA (wastani wa alama zake) itaporomoka na skolashipu yake ina masharti ya GPA. Mimi namwambia akubali tu, hiyo ni heshima. Hizo kozi zikoje hasa? Na atatoka na digrii tofauti?

JIBU: Nzuri kaka, na hongera kwa mdogo wako. Kwa kawaida digrii ni ileile, kinachoongezeka ni kwamba transkripti, yaani rekodi ya matokeo yake, itaonyesha amemaliza onazi. Pia msichanganye na ile cum laude, yaani sifa ya kufaulu vizuri anayopewa mhitimu, hiyo kwa kawaida inatokana na GPA tu, mtu anaipata hata kama hajawahi kukanyaga darasa la onazi.

Kuhusu ugumu, wengi wanadhani ni kozi ileile ila umelimbikiziwa asainmenti, na hapo ndo wanapokosea. Mara nyingi kinachobadilika ni namna ya kusoma. Darasa la kawaida la mwaka wa kwanza kwenye chuo kikubwa linaweza kuwa na watu mia na kitu, unakaa nyuma unaandika notsi na hakuna anayekujua, ila semina ya onazi mara nyingi ni watu kumi na kitu au ishirini hivi mmezunguka meza, kila mtu kasoma kabla hajaja, na profesa anaweza kuuliza swali moja halafu akanyamaza kabisa, nyie ndo mbishane. Asiyesoma anaonekana dakika ya tano tu.

Mfumo huu una historia ndefu. Chuo cha Swarthmore kule Pennsylvania kilianzisha wa kwake mwaka 1922 chini ya rais wake Frank Aydelotte, ambaye alisoma Oxford akapenda ule utaratibu wa mwanafunzi kuandika hoja yake na kuitetea mbele ya mwalimu. Mpaka leo wanafunzi wa onazi pale wanatahiniwa na wataalamu kutoka nje ya chuo, yaani profesa aliyekufundisha siye anayeamua umefika daraja gani. Mimi hilo nalipenda sana, maana mwalimu na mwanafunzi wanakuwa upande mmoja.

Kuna pia kitu wanaita kontrakti. Tuseme anasoma kemia ya kawaida na hakuna darasa la onazi la kemia, basi mwanzoni mwa semista anakaa na profesa wanakubaliana kazi ya ziada, labda asome makala za utafiti na kuandika ripoti, wanajaza fomu, wanasaini, na ile kozi inahesabiwa kuwa ya onazi. Ila kontrakti ikiwa ni kurasa za kuongeza tu bila kukutana na profesa mara kwa mara haina faida, bora aiache.

Mzigo wenyewe ni tasnifu ya mwaka wa mwisho. Vyuo vingi vinaitaka, si vyote, na wapo wanaoachia njiani hapo, pengine kwa sababu wamechelewa kupata msimamizi. Mwaka wa tatu ukianza tu awe ameshaanza kugonga milango ya maprofesa.

Sasa hofu ya GPA ni ya kweli, maana programu nyingi zenyewe zina kiwango chake, mara nyingi karibu na 3.5 kati ya 4 lakini kila chuo na lake. Aandikie ofisi ya onazi leo aulize vitu vitatu: kiwango cha GPA ni kipi na ukishuka unapewa muda gani kujirekebisha, tasnifu ni lazima au la, na akijitoa skolashipu inaguswa? Aombe na silabasi ya semina moja ya mwaka wa kwanza. Akiisoma akatamani kuwemo kwenye ule mjadala, akubali. Ila kama ni kwa ajili ya heshima unayoisema wewe kaka, mwache aamue mwenyewe, yeye ndiye atakayekaa kwenye ile meza.