Maswali Yenu: Nailoni Zilizobaki Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi, tangu 2006, lakini plastiki laini haijatoka majumbani mwetu. Ile ya zamani imebaki makabatini, na mpya inaingia kila siku ikiwa kifungashio cha sukari, mfuko wa mkate, nailoni ya katoni ya maji, au huo mfuko mbadala unaoning'inia nyuma ya mlango. Nimechagua barua tano, na pale ninapoona madhara ni makubwa nimejibu kwa kirefu.

*Baada ya arobaini ya mama mkwe tulifungua kabati lake tukakuta kiroba kizima cha mifuko ya Rambo, kila mmoja umekunjwa pembe tatu kama sambusa. Mume wangu anasema tuichome moto nyuma ya nyumba. Mimi naona ni hasara, maana mingine haijawahi hata kutumika. Tuifanyeje?*
Msomaji, Morogoro

Pole kwa msiba, dada yangu. Huo mkunjo wa sambusa naufahamu vizuri, na wengi wetu tumelelewa na wanawake walioukunja mfuko namna hiyo kwa sababu kwao kitu kizima hakikutupwa. Kwa hiyo sioni ajabu kwamba moyo wako unasita.

Hata hivyo, kanuni za mwaka 2019 hazikuuliza mfuko ulinunuliwa lini wala una unene gani. Kuwa nao au kuutumia ni kosa lenye faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Usiende nao sokoni, na usimgawie jirani kwa kudhani kwamba unamsaidia.

Kuchoma nako si njia. Plastiki ikiungua kwenye moto wa uani haiishi yote, kwa kuwa moto wenyewe hauna joto wala hewa ya kutosha. Hutoa masizi na hewa ya kaboni monoksaidi, kisha kinachobaki ni donge jeusi ambalo mvua ya kwanza italipeleka mtaroni. Isitoshe, taka za uani hazichomwi peke yake. Mara nyingi ndani yake kuna kipande cha waya au cha bomba, ambacho ni plastiki ya aina ya PVC, na hiyo ikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini, inayokaa muda mrefu kwenye udongo na kwenye mafuta ya miili ya wanyama. Kuku wanaodonoa hapo uani ndio hao wanaowapa mayai.

Ninachokushauri ni kukitoa kiroba hicho kikiwa kizima, kikavu na safi. Nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, umweleze mtendaji umekikuta wapi, kisha uulize ni nani katika eneo lenu anayepokea plastiki laini kwa ajili ya kurejelezwa. Mifuko ambayo haijaguswa na mchuzi wala mchanga ni malighafi nzuri kuliko karibu kila kitu ambacho wanunuzi wa plastiki chakavu hukipata. Nailoni laini ni nyepesi, hivyo inachukua magunia mengi kufikisha kilo chache, na ikiwa chafu gharama ya kuiosha hula faida yote. Hiyo ndiyo sababu waokotaji hukimbilia chupa na ndoo zilizopasuka na kuiacha nailoni chini. Ule usafi wa mama mkwe, pamoja na ukunjaji wake, ndio utakaoifanya mifuko yake ipokelewe.

*Mimi ni mama lishe. Wali ukikaribia kukauka naufunika kwa nailoni kabla ya mfuniko ili mvuke usitoke, na asubuhi nawashia mkaa kwa vipande vya nailoni kwa sababu vinashika moto haraka. Binti yangu amerudi na maneno ya shuleni kwamba vyote viwili ni sumu. Nimepika hivi miaka kumi na miwili. Ni kweli?*
Msomaji, Temeke

Mama mwenzangu, binti yako amesema kweli, na nakuomba uyaache yote mawili, la mkaa kwanza.

Tuanze na sufuria. Mvuke wa maji yanayochemka una joto la nyuzi 100. Nailoni laini huanza kulegea kabla ya hapo, na huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 105 na 115, ilhali ukingo wa sufuria iliyokaa juu ya mkaa una joto kubwa zaidi. Bila shaka umewahi kuinua mfuniko ukakuta nailoni imesinyaa, imejikunja kwenye ukingo na kuacha utepe mgumu unaoukwangua kwa kisu. Ujue kwamba si yote iliyobaki ukingoni. Zaidi ya hilo, nailoni nyeusi mara nyingi hutengenezwa kwa plastiki zilizokwisha kutumika za rangi za kila namna, kwa kuwa weusi huzificha zote. Hakuna anayeweza kukuambia kama mwanzo wake ulikuwa mfuko wa chakula au dumu la dawa ya mifugo, na kitu cha namna hiyo hakistahili kudondosha jasho lake ndani ya wali wa wateja wako.

Badala yake rudi kwenye jani la mgomba. Lioshe, lipitishe juu ya moto mpaka ling'ae na kulainika, kata ule uti mgumu wa katikati, kisha lilaze juu ya wali upande unaong'aa ukiwa chini. Funika, weka makaa machache juu ya mfuniko, na mvuke utabaki ndani vizuri kuliko kwa nailoni, tena utapata na harufu yake. Mahali ambapo migomba ni ya shida, kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikizungushwa kwenye mfuniko, kinatosha kabisa.

Sasa mkaa. Mwali wa nailoni unaupenda kwa sababu plastiki hiyo imetokana na mafuta ya petroli, lakini wewe ndiye unayeinama juu yake kila alfajiri, na moshi wake wa kwanza, ule mweusi wenye harufu ya mshumaa, unaingia moja kwa moja kifuani. Nimemwona mtoto ameshika kipande kinachowaka kwa ncha za vidole akikielekeza kwenye jiko. Tone likaanguka likiwa bado lina moto, likalia chini, na la pili likamwangukia juu ya kiganja. Maji ya moto humwagika yakaondoka, lakini plastiki iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuendelea kuunguza. Likitokea hilo, mwagia maji baridi kwa muda mrefu, usilibandue tone hilo kwa nguvu, na umpeleke mtoto kituo cha afya.

Kwa kuwashia tumia magunzi makavu, vipande vya kifuu cha nazi, au maganda ya machungwa. Anika maganda ya wauza machungwa siku tatu hadi nne mpaka yavunjike mkononi. Mafuta yaliyomo kwenye ganda hushika moto kwa kiberiti kimoja, nayo hayakugharimu hata shilingi.

*Mfuko mbadala tunaouziwa dukani ni kitambaa au ni plastiki? Nimeutundika dirishani miezi kadhaa, sasa kila nikiushika unamwaga unga mweupe.*
Msomaji, Dodoma

Ni plastiki, ndugu yangu, ingawa inaitwa kitambaa kila mahali. Nyuzi zake ni za polipropilini, ambazo hazikufumwa bali zimebanwa pamoja kwa joto. Utazame karibu na mwanga utaona vidoa vidogo vilivyopangwa safu safu, na hapo ndipo nyuzi zilipogandishwa. Ilikubaliwa kwa sababu hutumika mara nyingi, nacho kiwango cha TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kinataka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Ile miepesi inayoonyesha vidole upande wa pili haikustahili kuwa sokoni, nawe unaweza kuikataa kaunta.

Unga unaouona si vumbi. Jua limekata nyuzi, na kila chembe inayoanguka ni plastiki ambayo hakuna ufagio utakaoikusanya yote. Kwa hiyo mfuko huu haukai dirishani wala juu ya paa la banda. Utunze kivulini, ufue kwa mkono kwa sabuni na maji ya baridi, uanike kivulini, na usiupige pasi kabisa. Mkanda wake ukichomoka, ushone kwa uzi wa nailoni, mishono miwili ya msalaba kila upande, na utakutumikia miezi mingine mingi. Uwe na mmoja wa samaki na nyama peke yake, na mwingine wa mboga na matunda, kwa sababu damu ya samaki ikinywewa na zile nyuzi haitoki kwa kusuuza.

Huo wako ulioanza kumwagika ukunje taratibu, uutie ndani ya kifungashio kikubwa ukiwa na wenzake, na uutenge na nailoni unapokusanya vya kurejeleza. Polipropilini na nailoni laini hazichanganyikani vizuri zikiyeyushwa pamoja, na punje zinazopatikana hutoa bidhaa dhaifu inayokatika. Tazama pembetatu chini ya bidhaa: namba 2 na 4 ni jamii ya nailoni, namba 5 ni polipropilini. Kama unauliza ni mfuko gani ningenunua mimi, ningenunua kikapu cha ukindu, na kwa mizigo ya safari ningelitunza lile begi la shangazi kaja ambalo kila nyumba inalo. Nalo ni plastiki, lakini likishonwa linapokatika hudumu miaka mingi.

*Nakuja likizo Dar es Salaam mwezi wa saba na watoto. Viatu na nguo za ndani huwa nazifunga kwenye mifuko ya supamaketi. Je, nitasumbuliwa uwanja wa ndege? Na hii mingine iliyojaa nyumbani kwangu huku niipeleke wapi?*
Msomaji, Reading, Uingereza

Karibu nyumbani. Mifuko ya supamaketi iache huko, kwa kuwa wasafiri hutakiwa kuisalimisha uwanjani kabla ya kuingia nchini. Ile midogo yenye zipu ya kuwekea dawa ya meno na manukato kwa ajili ya ukaguzi inaruhusiwa, kwa sharti kwamba unarudi nayo. Viatu vifunge kwenye foronya kuukuu au kanga, ambayo ukifika itapata kazi nyingine.

Hiyo iliyojaa nyumbani, usiitie kwenye pipa la kurejeleza la mtaani kwako kabla ya kuhakikisha kwamba halmashauri yenu inaipokea, kwa sababu plastiki laini hujiviringisha kwenye mashine za kuchambulia taka na kuzisimamisha. Supamaketi kubwa nyingi huko zimeweka mapipa maalumu ya plastiki laini karibu na mlango. Ipeleke huko ikiwa kavu, bila risiti ndani. Iliyo imara tumia tena dukani, kwani tangu Mei 2021 maduka yote ya England hutoza si chini ya peni 10 kwa kila mfuko.

*Sisi ni kikundi cha wanawake tisa. Tunataka kufuma mikeka na vikapu kwa nailoni. Tumesikia pia habari za jahazi la plastiki la Lamu. Je, nasi tunaweza kuyeyusha nailoni tukatengeneza vitu vigumu? Na walimu wa hapa wanatuomba nailoni za viriba vya miche, tuwape?*
Wasomaji, Pangani

Kufuma, ndiyo, na nawapongeza. Kuyeyusha, hapana. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu na kusafiri hadi Zanzibar mapema mwaka 2019, lilitumia tani nyingi za plastiki iliyokusanywa, lakini mbao zake zilitoka kwenye mashine zenye kudhibiti joto. Kuyeyusha kwenye karai juu ya kuni ni kujivuta moshi nyote tisa.

Kwa kufuma, msitafute mifuko iliyopigwa marufuku. Mifuko ya mikate, nailoni za katoni za maji na vifungashio vya sukari vinawatosha, mkishavifua na kuvikausha ndani na nje. Kunjeni mfuko kwa urefu, kateni pindo la chini na mdomo, kisha kateni vipande vya upana wa vidole viwili. Kila kipande kikifunguliwa ni duara. Unganisheni maduara kwa kupitisha moja ndani ya jingine na kuvuta taratibu, kwa sababu mkivuta kwa pupa nailoni hunyumbuka na kukonda, na hapo ndipo mkeka utakapokatikia. Zungusheni kamba hiyo iwe donge, mfume kwa sindano nene ya kulabu. Mkeka wa mtu mmoja humeza mamia ya mifuko, hivyo anzeni na vikapu. Masalio ya kukatia yasibaki sakafuni. Yashindilieni ndani ya chupa ya maji iliyo kavu, na ikijaa ifungeni iende kwa mnunuzi.

Walimu wapeni, maana kiriba ni kazi nzuri kwa kifungashio kisichofaa kufumwa. Kitobolewe matundu chini ili maji yasituame na kuozesha mizizi. Siku ya kupanda, wanafunzi wakipasue kwa wembe ubavuni na kukitoa chote, kwa kuwa mche uliopandwa na nailoni yake mizizi huzunguka ndani kama nywele zilizosukwa, ukadumaa. Mwalimu ahesabu: ikienda miche 40 shambani, viriba 40 virudi kwenye ndoo shuleni siku hiyohiyo, kabla mbuzi hawajafika.