Nimesamehewa kangomba, kwa nini nirudishe?

SWALI: Shikamoo Baba Padri. Mimi ni mkazi wa wilaya ya Newala, baba wa watoto wanne. Kwa misimu kadhaa nilinunua korosho kwa kangomba, yaani ule ununuzi usio rasmi wa kupima kwa bakuli. Miezi ya njaa nilikuwa nampa mtu unga na fedha kidogo, msimu ukifika nachukua korosho zake. Tena bakuli langu nililigonga kitako mpaka likawa linabeba karibu kilo moja na nusu, nami nikihesabu kilo moja. Mwaka jana niliokoka kwenye mkutano wa injili. Kiongozi wangu wa kiroho ananiambia ya kale yamepita, nitoe tu sadaka nono ya shukrani, nisifukue makaburi. Lakini kila nikisikia habari za kiti cha hukumu, usingizi unaruka. Walioniuzia ni wengi na wengine wamekufa. Je, Mungu atanihukumu kwa dhambi aliyokwisha kunisamehe? Na nikifa kabla sijamaliza kurudisha?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeandika kwa padri aliyelelewa kwa korosho, kwa hiyo usitegemee nikujibu kama mtu nisiyehusika. Mama yangu aliuza kwa kangomba. Nakumbuka mnunuzi anavyojaza bakuli mpaka korosho zinafanya kichuguu, analitikisa zishuke, kisha anaongeza tena. Mama anatazama tu, hasemi kitu, maana unga wa yule mtu tulikuwa tumeshaula.

Tuanze na kiongozi wako. “Ya kale yamepita” ni neno la kweli, liko 2 Wakorintho 5:17. Apande mistari saba tu juu, mlango uleule, atakuta Paulo anasema sisi sote tutadhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Paulo hakuona kwamba mstari mmoja unaufuta mwingine. Na ni yeye huyohuyo aliyewaandikia Warumi kwamba walio katika Kristo hawana hukumu ya adhabu. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: ukitubu kweli, adhabu imeondolewa, na hakuna bei utakayoilipia msamaha, hata ukiuza nyumba. Lakini Mungu alisamehe dhambi yako. Korosho za mjane hakuzifanya kuwa zako.

Mtazame Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka anayeungama arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Yeye akasema atarudisha mara nne. Mara nne ni kiwango cha Kutoka 22, cha mtu aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza. Yaani alijihukumu mwenyewe kama mwizi wa mifugo, mbele za watu, kabla hajashitakiwa. Wala hakuwa ananunua wokovu, kwa sababu Yesu alikuwa ameshajialika nyumbani kwake pale Zakayo alipokuwa bado juu ya mkuyu.

Kuhusu ile sadaka nono, hapo nakasirika kidogo. Hesabu 5 hiyohiyo imeweka foleni: kwanza aliyekosewa, akiwa hayupo jamaa yake wa karibu, na asipokuwa na jamaa ndipo kitu kinakwenda kwa kuhani. Kanisa liko mwisho wa foleni. Anayekuambia ulete kwake kwanza anaruka watu.

Labda utasema, bei tulikubaliana. Bakuli hamkukubaliana, huo ni wizi usio na mjadala, na Mithali 11:1 inauita chukizo. Bei ya njaa nayo isikupe raha. Soma Nehemia 5: watu waliweka rehani mashamba na mizabibu wapate nafaka, na wakopeshaji walikuwa ndugu zao. Nehemia hakuwauliza kama walitiliana sahihi. Aliwaambia warudishe leo hivi, pamoja na ile sehemu ya mia waliyotoza. Nikiisoma sura hiyo naona wazi uwanja wa nyumbani kwetu mwezi wa pili.

Sisi tuliokulia katika mapokeo ya UMCA, ile misheni ya Kianglikana, tulizoea kuungama kwa padri, faraghani, mambo yakaishia hapo. Ndugu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walitushinda katika hili. Walitubu hadharani na kurudisha vitu vya watu. Walikuwa na makelele yao, lakini aliyekuwa anawadai alijua kwamba wametubu.

Sasa kiti cha hukumu. Wewe unakiogopa, na ni vizuri. Lakini kwa mama aliyepunjwa kila msimu na asiyekuwa na pa kushitaki, hiyo ni habari njema: yupo mmoja aliyeona lile bakuli. Hukumu ikiondolewa katika mahubiri, anayepoteza ni mama huyo.

Ukifa kabla hujamaliza? Mnyang'anyi pale msalabani hakurudisha hata sarafu, na jioni ile alikuwa peponi. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Yako haijapigiliwa.

Basi fanya hivi. Kaa na mkeo muandike majina yote mnayoyakumbuka. Uliwapunja karibu nusu kilo kwa kila bakuli. Ukichukua bei ya Sh 3,300 kwa kilo iliyotangazwa na Serikali mwaka 2018, hiyo ni kama Sh 1,650, na sehemu ya tano ni Sh 330. Jumla Sh 1,980 kwa bakuli moja. Mahali usipokumbuka idadi, kadiria kwa hasara yako. Waliofariki, tafuta watoto wao. Huwezi yote mara moja, lipa kila msimu, na anza na aliye maskini kuliko wote, si aliye rafiki yako. Yuko atakayekutukana na yuko atakayetaka kwenda polisi. Hao nao wana haki yao, usiwatolee mistari ya msamaha. Bakuli lile kama bado liko stoo, lipondeponde kabla mwanao hajalikuta.

Na uende mchana, kwa mguu, bila kwaya wala mpiga picha wa kanisa.