Jibu: Kuchonga marumaru bila mfano wa udongo

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuingia kwenye marumaru moja kwa moja bila kufinyanga kwanza mfano wa udongo. Unaweza. Constantin Brâncuși, mchongaji mzaliwa wa Romania, alichonga hivyo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wachongaji wengi wa Ulaya walifinyanga tu, kisha wakawaachia mafundi kazi ya kunakili kwenye jiwe.

Anza na jiwe lenyewe. Ligonge kwa nyundo ndogo: likilia kama kengele ni zima, likitoa mlio mzito uliofifia huenda lina ufa ndani. Limwagie maji pia, nyufa na mishipa itajitokeza.

Tindo la ncha ndilo la kuondolea jiwe la ziada, ila usilisimamishe wima ukikaribia uso wa sanamu. Pigo la wima huponda chembe za ndani na kuacha doa jeupe. Msasa hauliondoi hilo. Utalazimika kuchonga eneo lote lishuke chini ya doa hilo. Kwa hiyo tindo lilaze kidogo, kisha hamia tindo la meno. Zile sanamu za Wafungwa za Michelangelo, mchongaji wa Italia, zilizoko jumba la sanaa la Accademia, Florence, hakuzimaliza, na mistari ya meno hayo bado inaonekana wazi. Tupa (chuma cha kukwangulia) na msasa vinafuata baadaye, hapo ni uvumilivu tu.

Pua, vidole na chochote kinachochomoza, kiachie unene hadi mwishoni. Vifundo vya miguu usivikondeshe mapema, ndivyo vinavyobeba uzito wote. Na barakoa ya vumbi ivae tangu pigo la kwanza, usisubiri msasa.