Muulize Fundi: Koili haijachoka, mama

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza chapati Ngamiani, Tanga, na jiko langu ni la koili, nyuma limeandikwa 230V 2000W. Siku hizi chapati moja inachelewa kuiva mpaka wateja wananuna. Fundi wa mtaani alikuja na mita, akapima kwenye soketi ya ekstensheni jiko likiwa linawaka, akapata volti 207 na ampea 7.8. Akazidisha, akasema linatoa wati 1,600 tu, koili imechoka, ninunue nyingine. Mwanangu anasoma umeme chuo cha ufundi. Yeye akapima soketi ya ukutani, jiko bado linawaka, akapata volti 226. Anasema nisinunue kitu kwanza. Nimsikilize nani?
Muuza chapati, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Msikilize mwanao, na siku hiyo mpe chapati mbili.

Fundi wako hesabu aliipata: 207 mara 7.8 ni wati 1,615. Ila kuzidisha kunakuonyesha jiko linakula umeme kiasi gani kwa wakati huo, basi. Ukitaka kujua koili yenyewe ina hali gani, gawanya. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubania umeme usipite, na tunaupima kwa omu. 207 kwa 7.8 ni omu 26.5.

Sasa tulinganishe na jiko lilivyokuwa dukani. Wati 2,000 gawanya kwa volti 230 ni ampea 8.7, volti 230 gawanya kwa 8.7 ni omu 26.4. Mama, hiyo ni koili ileile uliyoinunua! Koili inayochoka huliwa na joto, waya unakonda, ukinzani unapanda. Ingekuwa imechoka, kwenye volti hizo 207 tungeona labda ampea 6, ambazo ni omu 34 na nusu. Hapo na mimi ningekwambia ukanunue.

Kwa nini basi jiko linazubaa? Kwa sababu halipati volti zake, na volti zikipungua hasara huja mara mbili. Omu hazijabadilika, kwa hiyo ampea nazo zinashuka pamoja na volti. Kutoka 230 hadi 207 umepoteza asilimia 10 ya volti, na asilimia 10 nyingine ya ampea. Asilimia tisini ya asilimia tisini ni 81, na asilimia 81 ya wati 2,000 ni 1,620. Ndiyo zile wati alizoziona fundi wako.

Kipimo cha mwanao ndicho kilichonifurahisha zaidi. Ukutani 226, mwisho wa ekstensheni 207. Volti 19 zimepotelea njiani, na njiani hakuna kitu zaidi ya waya. 19 mara 7.8 ni wati 148. Ni kama umewasha balbu mbili na nusu za wati 60, zile za zamani za moto, ukazifunika ndani ya plastiki ya waya. Zinapasha sakafu yako na zinaweza kuichoma nyumba.

Na waya nao tuugawanyie: 19 kwa 7.8 ni omu 2.4. Waya wa shaba wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 25, kwenda na kurudi, hauzidi sana theluthi moja ya omu. Wako ama ni mwembamba kama wa redio, ama kuna mahali umeungwa ukafungwa kwa tepu. Zima jiko, chomoa plagi, halafu uguse waya polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama kuna kiungo kibovu, hapo patakuwa pamoto kuliko kwingine.

Sisemi haya kwa kujiona. Kwenye harusi ya mdogo wangu, Korogwe, niliunguza ekstensheni nzima mimi mwenyewe. Nilivuta mita chache, nyingine nikaziacha zimezungushwa kwenye gurudumu lake, nikachomeka mabirika mawili ya chai. Waya uliojiviringa hauna pa kutolea joto. Maharusi waliingia ukumbini pamoja na harufu ya plastiki, na mjomba hadi leo ananiita Fundi Moshi.

Kwa hiyo nunua waya wa 2.5, mfupi kadiri iwezekanavyo, usiwe na kiungo hata kimoja, na plagi nzima ya ampea 13. Au lisogeze jiko karibu na ukuta, hiyo haina gharama. Litapata kama volti 224, nazo ni wati 1,890 hivi. LUKU nayo itapumua: jiko likiwaka saa tano kwa siku, waya huo peke yake unakula uniti 22 kwa mwezi.

Mwambie kijana kitu kimoja. Akitaka kupima omu moja kwa moja, achomoe jiko kwanza, la sivyo ataiua mita. Kwa koili atapata namba iliyo karibu na hii yetu. Kwa balbu ya moto asishangae: ikiwa baridi, omu zake ni kama sehemu ya kumi tu ya zile za ikiwa inawaka, au hata chini ya hapo.

SWALI: Friji yangu inavuta ampea 0.8 kwenye volti 230, nikapata wati 184. Mbona LUKU inaonyesha 120?
Msomaji, Morogoro

JIBU: LUKU iko sawa. Hesabu ya volti mara ampea hukaa vizuri kwenye vitu vya joto: pasi, jiko, hita. Friji ina mota, na mota huvuta mkondo mwingine ambao inaurudisha bila kuutumia. 120 kwa 184 ni 0.65, yaani friji inatumia kweli asilimia 65 tu ya hesabu yako. Angalia kibandiko cha nyuma. Ukikuta neno cos, namba iliyo mbele yake ndiyo ya kuzidishia.