Mkazi na omukazi: ni neno moja?

SWALI: Kwenye barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa nimeandikwa "mkazi wa Igoma". Jirani yangu, Mhaya wa Bukoba, alicheka sana: kwao omukazi ni mwanamke, na mimi ni baba wa watoto watatu! Neno hili asili yake ni nini? Na je, mkazi ndiye mwenyeji?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Barua yako iko sawa, ndugu msomaji, na jirani naye hajakosea Kihaya chake. Hayo ni mashina mawili yaliyofanana sauti tu.

Mkazi ametokana na kitenzi kaa. Zamani kitenzi hicho kilikuwa na l, na Wagiriama hadi leo husema kukala. Kiswahili kiliidondosha l hiyo katikati ya irabu. Lakini ilipofuatwa na -i ya mtendaji iligeuka z, ikasalimika. Ndiyo maana kaa inatupa mkazi na makazi, kama zaa inavyotupa mzazi, lea mlezi, na kwea mkwezi. Ukikuta mkaazi, kama kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ni neno lilelile.

Shina la omukazi lina maana ya mwanamke au mke, na Waganda ng'ambo ya ziwa wanalo pia. Kiswahili nacho kimelihifadhi pembeni: mkaza mwana ni mke wa mwana, na mjakazi ni mja wa kike, yaani mtumwa mwanamke. Wanaofundisha kwamba mjakazi ni "mja wa kufanya kazi" wanapotosha, na inasikitisha kuyakuta maelezo hayo hata darasani.

Mwenyeji ni mwenye mji, maneno mawili yaliyoungana. Kwa matumizi ya huku kwetu, "mwenyeji wa Magu" ni mtu ambaye asili yake ni Magu, hata kama hajalala huko miaka 20. Mwenyeji pia ni yule anayempokea mgeni. Raia, neno la Kiarabu, linahusu nchi, si mtaa.

Kwenye fomu, basi, penye "mkazi wa" andika unapoishi sasa: mtaa, kata, wilaya. Mpangaji wa Igoma ni mkazi wa Igoma. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mtu kujaza hapo kijiji cha baba yake. Hicho, kama ndiko alikozaliwa, kina nafasi yake penye "mahali pa kuzaliwa".